Shuka la Viraka Lililokaa Uvunguni

Panya ndiye aliyenirudisha kwenye kazi yangu. Ilikuwa mwezi wa tatu mwaka jana, usiku wa manane, nasikia kruu, kruu, uvunguni mwa kitanda. Mume wangu akasema ni mende. Mende gani anakwaruza kama seremala? Nikashuka na tochi ya simu, nikavuta kiroba cha unga kilichokuwa kimesukumwa hadi ukutani, panya akachomoka akanipita juu ya mguu. Nilipokimwaga kile kiroba sakafuni nikakutana na shuka langu la viraka, nililolianza 2017 nikiwa na mimba ya mtoto wa kwanza. Mtoto mwenyewe sasa anasoma jina langu kwenye bahasha. Safu ya mwisho ya shuka ilikuwa imeliwa miraba mitatu.

Nilicheka kwanza. Aibu ilikuja baadaye, maana chini ya shuka kulikuwa na mengine. Nikayapanga sakafuni pale pale na kuyahesabu: vipochi vinne visivyo na zipu, mkoba wa begani wenye mkanda upande mmoja tu, aproni isiyo na kamba, foronya iliyoshonwa pande tatu, mfuko wa kutilia msahafu niliomwahidi shangazi tangu hajafanyiwa operesheni ya macho, na vishikio viwili vya sufuria. Pamoja na shuka, kazi 11.

Mama yangu ana jina lake la kuniita, Bi Mwanzo. Siku zote nililichukua kama utani wa mama na mwana, na moyoni nilijitetea kwamba muda sina, nina kazi ofisini, nina watoto wawili na mume anayependa chapati za kusukuma. Lakini usiku ule, kazi zote zikiwa zimelala sakafuni kama maiti, niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona zikiwa zimekunjwa. Zote zilikuwa zimesimama mahali pamoja. Hakuna iliyoishia katikati ya uzuri. Nilishona mpaka rangi zikakaa vizuri, nikaziangalia, nikafurahi, basi. Palipohitaji zipu, kamba, pindo au kugeuza nje ndani, ndipo nilipokunja na kusukuma uvunguni. Muda nilikuwa nao. Kilichokosekana ni ujuzi wa kumalizia, na kwa kuwa sikuujua, niliukimbia.

Nieleze kwanza vipande vinatoka wapi, maana hapo ndipo penye sukari ya kazi hii na ndipo ninapoharibikiwa. Nakaa Tanga, Ngamiani. Jirani na kwetu kuna baraza la mafundi cherehani, na mkubwa wao ni mzee ambaye mtaa mzima tunamwita Babu. Fundi akikata gauni la kitenge, pembeni mwa shingo na chini ya kwapa hubaki vipande vya umbo la ajabu, vingine kama kiganja, vingine kama ukanda. Zamani walivichomea takataka au walijazia mito. Mimi humpelekea Babu kahawa na kashata, naye hunikusanyia. Ijumaa jioni nikirudi na kiroba kimejaa, navimwaga mkekani na kuanza kuvichagua: buluu na buluu, vya maua makubwa huku, vya vidoto kule. Hapo naweza kukaa saa tatu bila kunywa maji. Kila kiroba kipya kinaleta wazo jipya, na kila wazo jipya linaisukuma kazi ya zamani ndani zaidi ya uvungu.

Kwa hiyo niliapa: sikati kitambaa kipya mpaka kazi 11 ziishe. Babu nilimwambia anikusanyie lakini asinipe.

Nilianza na vipochi, kwa sababu ni vidogo, na kwa sababu mtu aliyefungwa uzazi wa kumaliza anahitaji kuzaa kitu chochote haraka. Cherehani yangu ni Singer ya mama, ile ya kuzungusha kwa mkono, nyeusi yenye maandishi ya dhahabu yaliyofutika. Haina mguu wa zipu, ule mwembamba wa upande mmoja. Fundi mwenye mguu huo hupita kando ya meno ya zipu bila taabu. Mimi nilikuwa nikifika kwenye kichwa cha zipu mguu unapanda juu yake, mshono unakwenda pembeni kama mlevi, basi nafumua, narudia, nafumua, mpaka kitambaa kinapata matundu. Hapo ndipo vipochi vinne vilipofia.

Mzee Babu alinitazama nikihangaika akacheka. Kisha akanionyesha kwa mkono wake. Unaanza zipu ikiwa imefunguliwa nusu. Unashona mpaka umekaribia kichwa. Unasimama sindano ikiwa imezama kwenye kitambaa, si juu. Unainua mguu wa cherehani, unavuta kichwa cha zipu taratibu kipite nyuma ya sindano, mahali ulikokwisha kushona, unateremsha mguu, unaendelea. Sindano ndiyo msumari, inashika kila kitu kisihame. Nilivijua vipochi miaka yote hiyo, na kumbe kilichonitenga navyo ni kitendo cha sekunde tano.

Kosa la pili nalifahamu peke yangu, sikufundishwa na mtu. Kipochi chenye bitana unakishona kikiwa kimegeuzwa: kitambaa cha nje kwa cha nje, bitana kwa bitana, unazunguka pande zote, na chini ya bitana unaacha mwanya wa kama inchi 3 wa kukigeuzia. Cha kwanza nilikishona safi, nikakata pembe zisijikunje, nikatia vidole mwanyani nivute. Hakitoki. Zipu nilikuwa nimeifunga. Kipochi kilikuwa kimejifungia ndani kama mtu aliyesahau ufunguo mezani. Nikafumua upande mzima. Sasa kabla ya kuzungusha mshono wa mwisho naigusa zipu kwa kidole kuhakikisha iko wazi, hata kama nimetoka kuifungua mwenyewe. Mume wangu anasema ninaisalimia.

Vipochi vinne viliisha kwa jioni nne. Cha nne nilikishona mara moja bila kufumua hata inchi moja ya uzi, nikakaa nacho mkononi nikikifungua na kukifunga, kwii, kwii, mpaka watoto wakalalamika.

Kimoja kati ya hivyo ndicho kilichonitia matatani kwa mama mkwe.

Anayeshona kwa vipande vya kanga lazima akumbuke kwamba kanga inasema. Ina pindo, ina mji, lile pambo la katikati, na ina jina, yale maneno yaliyo chini ya mji. Ukiikata, maneno nayo yanakatika, na yanayobaki hayakuulizi yabaki vipi. Nilikuwa na kanga chakavu ya kahawia, mji wake wa korosho mzuri sana, jina lake lile la mtaani, *Wenye wivu wajinyonge*. Nilikata kipande cha chini kwa ajili ya ile mistari ya pindo, nikakishona, nikakipiga pasi, na Jumapili nikampelekea mama mkwe Muheza pamoja na sukari na sabuni. Nikapiga magoti, shikamoo mama, marahaba mwanangu. Akakipokea, akavaa miwani, akakigeuza upande wa nyuma. Mimi upande wa nyuma sikuutazama. Kimya. Kisha akanisomea polepole, kama mtoto wa chekechea: "Wa-ji-nyo-nge."

Nilitaka ardhi inimeze. Yeye akavua miwani, akatia ndani yake noti zake mbili na kitambulisho, akavuta zipu, akasema, "Nimekusikia, mkwe wangu. Lakini mimi bado nipo nipo kidogo." Hadi leo akinipigia simu hujitambulisha hivyo: ni mimi, ambaye bado sijajinyonga. Alikwenda nacho hadi msibani, akawaonyesha na wenzake.

Tangu hapo jina la kanga nalisoma kabla ya mkasi. Wakati mwingine nalitumia kwa makusudi. Ukibahatika kupata kipande kilichobaki neno moja tu, *asante* au *mama*, hicho kitunze, ni zawadi tayari hata kabla hujakishona.

Ule mkoba wa begani ulikuwa na kisa chake cha zamani. Tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara, kila mtu alijikuta sokoni na mikono mitupu. Nami nikaona hapo pana riziki. Nilikata mifuko ya kitenge ya inchi 16 kwa 18, vishikio vya ukanda wa inchi 4 uliokunjwa mara nne ukawa inchi moja, nikauza kwa majirani kwa 3,000. Ilikuwa mizuri, sitaki kusema uongo. Wiki ya pili jirani yangu mmoja akawa ametoka nao soko la Mgandini na kilo tano za viazi. Kishikio kimoja kikang'oka katikati ya barabara, viazi vikatawanyika chini ya bajaji. Hakunigombeza. Alinirudishia mfuko umekunjwa vizuri, pamoja na kiazi kimoja ndani, akaenda zake. Afadhali angenigombeza.

Nilikuwa nimekipachika kishikio kwa mshono mmoja tu kwenye ukingo. Uzito wote wa viazi ulining'inia kwenye nyuzi chache za mstari mmoja. Babu alinionyesha namna yao ya mabegi: kishikio kinateremka ndani ya mfuko kama inchi moja na nusu, halafu unashona kisanduku cha mraba, na ndani ya kisanduku unapita kona kwa kona mara mbili, utoke msalaba. Uzito unagawanyika pande zote. Na sindano ya namba 14 ninayoshonea gauni naiweka kando, natumia ya 16, maana hapo tabaka za kitambaa ni nyingi na sindano nyembamba inapinda, ikipinda inagonga bati, ikigonga inavunjika, na kipande kikiruka sijui kitatua jichoni mwa nani. Mkoba wa begani ulikwama uvunguni kwa sababu baada ya vile viazi niliogopa vishikio. Ulichukua dakika arobaini kuumaliza. Miaka minne na dakika arobaini.

Jirani nilimshonea mfuko mwingine, nikarudisha na kiazi. Tulicheka sana, kumbe alikuwa amekwisha kusahau.

Kuna hasara moja ambayo haikuhusu kumaliza, ila nitaitaja kwa sababu imeniuma. Wifi yangu alikuwa na kitchen party, nikamshonea vikapu vidogo vya kitambaa vitatu, kitenge chekundu nje, bitana nyeupe ndani. Vilipendeza mpaka walipovifua. Kitenge kikachuja, bitana ikawa ya waridi yenye mabaka, kama sare ya mchinjaji. Kitenge kipya kina wanga na rangi iliyozidi, kinataka kufuliwa kabla ya kukatwa, kila mshonaji anajua, na mimi nilijua. Lakini vipande vya fundi ni vidogo, nani avifue kimoja kimoja? Sasa nafanya hivi: nalowesha pembe ya kitambaa cheupe, nakibana juu ya kipande, napitisha pasi ya moto. Kikiacha alama, hicho kinakwenda kwenye ndoo kufuliwa kwanza au hakikai karibu na cheupe. Wifi bado anavitumia vile vikapu, ameweka vitunguu.

Sasa shuka.

Shuka lilikuwa limepangwa kuwa la kitanda cha watu wawili, miraba 14 kwa upana na 16 kwa urefu, kila mraba inchi 6. Piga hesabu: miraba 224. Nilikuwa nimeshona safu 9, yaani miraba 126, na kila nikifikiria 98 iliyobaki, halafu bitana yake, halafu kuzungusha pindo karibu mita 9, mikono inakufa ganzi. Nilikuwa nalo sebuleni kwa wiki mbili, nimelitandika kwenye kochi kama mgonjwa anayesubiri daktari.

Kipindi hicho binti wa shangazi anayekaa Muscat alinitumia picha kwenye simu, akaandika, haya si mambo yako? Lilikuwa shuka la viraka vya rangi kali, mishono ya mkono ikizunguka kama mawimbi. Nikadhani ni la hapa kwetu. Kumbe ni la Wasidi wa Karnataka, India, watu wenye asili ya Afrika ambao mababu zao walifikishwa huko karne nyingi zilizopita, wengi wao kama watumwa, kwa mikono ya Wareno na wafanyabiashara wa bahari hii hii ninayoisikia nikifungua dirisha. Mashuka hayo wanayaita kawandi. Kilichonishika si rangi, ni namna wanawake wale wanavyoshona. Wanaanzia ukingoni. Wanakunja kingo za kitambaa cha chini kwa ndani, wanapachika viraka kutoka pembeni, wanashona tabaka zote kwa pamoja kwa mkono, wanazunguka, wanazunguka, wanaelekea katikati, na kiraka cha mwisho kinapokaa katikati kazi imekwisha. Hakuna pindo linalowasubiri mwishoni, walilimaliza siku ya kwanza. Kwenye pembe nne wanatia vipande vilivyokunjwa kama petali, wanaviita *phula*, maua, na bila hivyo shuka kwao ni kama liko uchi.

Nilikaa na ile picha siku nyingi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akishona kofia za viua, zile za vitundu, na kofia moja humchukua miezi. Nilipokuwa mdogo nilidhani bibi ni mvumilivu tu kwa maumbile. Lakini nikikumbuka vizuri, bibi kila alasiri alishona safu yake, akaweka sindano kwenye mtandio, akaamka. Na kila kofia ilikuwa na mtu na ilikuwa na Idi. Hakuna kofia aliyoianza kwa ajili ya "siku moja". Shuka langu halikuwa na mtu. Mtoto aliyekusudiwa alizaliwa, akatambaa, akatembea, akapita.

Basi nililikata.

Mama alikuwepo, amekuja kuangalia wajukuu. Aliponiona nimeshika mkasi mkubwa juu ya shuka akasema, "Wee! Umerogwa?" Nikamwambia, mama, naligawa. Akanyamaza akakaa mkekani, na nilipokata mstari wa kwanza alifumba macho kabisa, kama anachomwa sindano. Safu ya tisa, iliyoliwa na panya, niliitoa yote. Zilizobaki safu nane nikazigawa: miraba sita kwa nane kipande cha kwanza, sita kwa nane kipande cha pili, na nguzo mbili za pembeni zikabaki. Mashuka mawili ya mtoto, inchi 36 kwa 48. Na miraba 27 mizima ya kushonea vipochi, kumi na moja kati yake ikiwa imeokolewa mdomoni mwa panya. Mama akafumbua macho, akahesabu, akasema, "Kumbe lilikuwa na mimba."

Katikati sikutia pamba. Mafunzo ya mtandaoni yote yanasema utie pamba nene, na wanaoyaandika wana theluji. Tanga, Februari, nani ajifunike pamba? Katikati nilitia kanga kuukuu ya bibi, nyembamba imelainika kwa kufuliwa, nyuma nikatia kanga mpya iliyofuliwa mara mbili. Nikashikiza tabaka tatu kwa nyuzi ndefu, kisha mshono wa bandi kwa mkono, ule wa kuzamisha na kuibua sindano, kwa uzi mweupe. Pindo nilianza nalo kabla ya bandi, kama wanawake wa Karnataka, ingawa yangu ilikuwa ya kuiga tu na pembe zangu zilitoka nene. Maua ya pembeni nilitia. Manne. Mama alishona mawili.

Shuka la kwanza lilikuwa na mtu na tarehe: mpwa wangu alijifungua mwezi wa tisa, arobaini ikaangukia Jumapili. Nilikata uzi wa mwisho Jumamosi baada ya isha, nikalifua usiku ule ule, nikalianika ndani mbele ya feni. Halikuchuja. Wiki iliyofuata nilipita kwao bila taarifa, na kabla sijabisha hodi nililiona uani, limetundikwa kwenye kamba kati ya nepi na fulana za shule, lina doa la njano katikati ya ua moja.

La pili lina mtu pia sasa, mtoto wa jirani wa viazi. Arobaini ni Jumamosi. Limebaki upande mmoja wa bandi na maua mawili, na Babu jana amenitumia ujumbe kwamba kiroba changu kimejaa, ana vipande vya buluu ambavyo sijawahi kuviona.